"On your left" haimaanishi ruka kushoto: jibu kwa dada aliyekoswakoswa na baiskeli korongoni

Dada mmoja wa hapa Phoenix, Arizona, ameniandikia hivi, nafupisha kidogo: "Kaka habari. Jumamosi tulienda Pima Canyon pale South Mountain, watu 12 wa kanisani, watoto ndani yake, tunatembea tunapiga stori zetu. Nyuma ikaja baiskeli inashuka kwa spidi, jamaa akapaza sauti 'on your left!', mwanangu wa miaka 9 kusikia left akaruka kushoto, kumbe ndo huko huko jamaa anapita. Akafunga breki akaanguka, mtoto naye akaangukia ile miiba inayong'ang'ania, na yule bwana badala ya kuuliza mtoto yukoje akaanza kutufokea eti tumeziba njia. Nani alikuwa na kosa? Na mwezi wa kumi turudi au tuachane na haya mambo ya wazungu?"

Pole sana dada, na mpe pole kijana. Nianze na hilo la mwisho kwanza manake limenichekesha. Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro njia ya Marangu miaka kadhaa kabla ya kuwa mwongoza wageni na kabla ya kuja huku, na nakuambia kutembea mlimani si mambo ya mzungu, na hata hilo korongo lenyewe mlilopita kuna mawe yamechongwa michoro na Wahohokam, watu waliolima bonde hili la Phoenix kwa mifereji ya kuchimba kwa mkono mamia ya miaka kabla Mzungu hajaliona. Kwa hiyo msiache. Ila mrudi kivingine, na hapo ndo nataka tuongee.

Nani alikosa? Yule jamaa, kwa sehemu kubwa. Pale mnapoanzia njia angalia vile vibao, mara nyingi kuna kile cha njano cha pembetatu, kina picha tatu, mtu wa miguu, baiskeli na farasi, na mishale inayoonyesha nani anampisha nani. Ukiufuata mshale, baiskeli inampisha kila mtu, mwenda kwa miguu anampisha farasi, farasi hampishi mtu. Ndo utaratibu wa njia zinazotumiwa na wote kwa pamoja karibu Marekani yote. Na kupisha kwa mwenye baiskeli si kupiga kelele halafu ukapita, ni kupunguza spidi mpaka uwe na uhakika kwamba unaweza kusimama, uombe njia, na wale watu wasipokusikia unasimama unashuka. Sasa huyu alikuwa anashuka mteremko, anatokea nyuma, mbele yake kuna watoto, na spidi hakupunguza. Hapo hana pa kujitetea, na kufoka kwake naona ilikuwa aibu ya kuanguka tu.

Lakini na nyinyi nitawasema kidogo, usinune. Watu 12 mkitembea mnaongea huwa mnajipanga kama mnatoka msibani, watatu watatu wanne wanne upana wote wa njia, na mimi hilo nalijua manake hata kikundi changu mimi hufanya hivyohivyo nikiwaacha dakika kumi. Kile kibao hakisemi mwenye miguu ajaze njia. Kinachotakiwa ni upande mmoja uwe wazi muda wote hata kama hamna mtu nyuma, manake yule anayekuja hujui anakuja lini.

Sasa lile neno. "On your left" wanavyolitumia huku maana yake ni "mimi napita kushoto kwako", yaani wewe baki ulipo au sogea kulia. Si amri ya kwenda kushoto. Mtu ambaye Kiingereza amekijifunza ukubwani, au mtoto yeyote hata aliyezaliwa hapa hapa, akisikia left kwa ghafla mwili unakwenda left kabla kichwa hakijatafsiri sentensi. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza huku niliruka hivyohivyo kwenye njia ya baiskeli ya mferejini, kwa bahati yule alikuwa bibi mmoja anaenda taratibu akanicheka tu. Waendesha baiskeli wengi hawalijui hilo kabisa, wao wanaona wamekupa taarifa nzuri. Ndo maana mimi nikiwa kwenye baiskeli, na naendesha karibu kila wikiendi, hilo neno nimeliacha, nasema "habari za asubuhi, naomba kupita" kwa Kiingereza nikiwa bado mbali, halafu nasubiri mtu ageuke. Akishageuka tukaonana macho shida imekwisha.

Wafundisheni watoto kitu kimoja tu, rahisi: ukisikia sauti yoyote nyuma, SIMAMA. Usiruke, usikimbie kwenda kwa mama, simama kama nguzo. Mwenye baiskeli anaweza kumkwepa mtu aliyesimama, anayeruka huku na huku hawezi. Baiskeli inayoenda kilomita 25 kwa saa, na kwenye mteremko hiyo ni spidi ya kawaida tu, inakula mita 7 kila sekunde, yaani kabla vidole havijashika breki vizuri ameshakula urefu wa gari na nusu. Na pale chini si lami. Ni kokoto ndogondogo juu ya mwamba, kama mahindi makavu yaliyomwagika kwenye sakafu ya saruji, ukibana breki ya mbele kwa nguvu tairi linateleza na wewe unakwenda chini, ndo kilichompata yule bwana.

Mlimani kwetu tulikuwa na utaratibu ambao nimeuhamishia huku mzima mzima. Mbele mwongoza wageni, nyuma msaidizi wake, wageni katikati. Wapagazi wenye kilo zao 20 kichwani wanakuja nyuma kwa haraka manake wanatakiwa wafike kambini kabla ya mgeni, basi yule wa nyuma akiwasikia anaita, na wageni wote wanasimama upande wa mlima, si upande wa genge, yaani kule kwenye poromoko. Hamna majadiliano. Nyinyi fanyeni hivyo. Mtu mzima mmoja mbele anayejua njia, mtu mzima mwingine nyuma kabisa asiye na stori nyingi na masikio yake yako wazi, watoto katikati, na mkiwa kwenye njia nyembamba mfuatane mmoja mmoja. Wa nyuma akisikia tairi au ule mlio wa gurudumu la baiskeli likiachiwa, tikitikitiki kama panzi, anaita "Baiskeli!" na wa mbele anajibu "Kulia!" na wote mnakwenda kulia. Wote. Kikundi kikigawanyika wawili kushoto watatu kulia ndo hatari, manake lazima mtoto mmoja atagundua mama yake yuko ng'ambo atake kuvuka. Jaribuni mara tatu pale paking kabla ya kuanza, watoto watalifurahia wataona mchezo, na kwa Kiswahili hivyohivyo, usijali wazungu watashangaa.

Kwa nini kulia? Huku kila kitu kinakaa kulia na kinapitwa kushoto, gari na mtu. Ila kuna kulia ambako hakufai, na hili la jangwa letu hili la Sonora ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Ile miiba iliyompata kijana inaitwa cholla, soma choya. Watu wanasema inaruka, hairuki, ila vipande vyake vimeshikana kidogo sana na shina na kila mwiba una vijino vya kurudi nyuma kama ndoana ya samaki, ukigusa tu nguo kipande kizima kinakufuata. Na vingi vimeshaanguka chini pembeni ya njia vinakusubiri. Kwa hiyo unapompisha mtu usirudi kinyumenyume bila kuangalia, geuza shingo, angalia unakokanyaga, chagua jiwe au pale palipo wazi pagumu. Yule wa mbele kazi yake nyingine ni hiyo, kila baada ya hatua kadhaa anajua moyoni kwamba "baiskeli ikija sasa hivi tunasimama pale kwenye jiwe". Kama kulia kuna choya au kuna genge basi anaita "Kushoto!" mapema na wote mnakwenda kushoto, wala si dhambi, cha muhimu wote upande mmoja. Na kama pande zote mbili hapafai, simameni palepale mmoja mmoja, yule wa baiskeli atashuka aisukume, ndo wajibu wake, usimwonee haya.

Kutoa kile kipande usitumie mkono, mkono wa pili nao utakwama, nimeona mtu mzima mikono yote miwili imenasa analia kama mtoto. Tumia chanuo. Lile lile chanuo letu la meno marefu, unaliingiza kati ya ngozi na kipande, unashika vizuri, unarusha kwa nguvu kwenda upande ambao hamna mtu. Miiba itakayobaki mmojammoja unaing'oa kwa koleo dogo, unavuta moja kwa moja ilivyoingia bila kuzungusha. Wenyeji wa hapa wananunua vichanio vya plastiki kwa ajili hiyo tu. Sisi tumezaliwa navyo nyumbani.

Sasa hapo mlipokwenda. Pima Canyon ni mlango wa mashariki wa South Mountain, na hiyo ni hifadhi ya mji, ekari zaidi ya 16,000, haina kiingilio, kwa hiyo Jumamosi asubuhi kila mwenye baiskeli wa Tempe na Ahwatukee, hapo jirani, yuko pale. Kutoka paking kuna barabara pana ya vumbi kama kilomita 2 hivi inaingia ndani ya korongo, halafu mwisho wake ndo njia nyembamba zinagawanyika, ile kubwa inaitwa National inapanda mawe. Pale pale karibu na paking inaanzia pia Desert Classic, hiyo inazunguka upande wa kusini wa mlima, na waendesha baiskeli wanaipenda kupita kiasi manake ni bonde kilima bonde kilima unakwenda kama unacheza. Kikundi chenye watoto Jumamosi asubuhi msiingie Desert Classic. Si kwamba mmekatazwa, mna haki yote, ila mtapisha kila dakika mbili mpaka mchoke, na kona zake zimezibwa na vichaka hamuonani.

Bora mbaki kwenye barabara pana mpaka mwisho wa korongo, watoto wakae kwenye mawe wale, mrudi. Wenye nguvu wapande National kidogo. Huko juu baiskeli zipo ila zinakwenda polepole manake mawe ni makubwa, wengi wanazibeba begani, na mbele zaidi kuna Hidden Valley na ule upenyo wa mawe mawili unaoitwa Fat Man's Pass, watoto wanaupenda sana, wakubwa wengine tunapita kwa kuzuia pumzi. Na mkiweza kwenda siku ya kazi, au Jumapili mchana baada ya ibada wakati wa baridi, mtakuta nusu ya watu au chini ya hapo.

Mkikutana na baiskeli inayopanda mlima, hapo kibao bado kinasema akupishe wewe, ila mimi nakuomba umpishe. Akisimama katikati ya mteremko wenye mawe kuanza tena ni kazi kweli, gia ndogo kabisa, pumzi imeisha, tairi la nyuma linazunguka bure. Wewe kusimama sekunde kumi hupotezi kitu na unapata nafasi ya kunywa maji. Ni hisani lakini, si wajibu, na mwenye adabu atakushukuru na kukuambia wako wangapi nyuma yake. Wengine wanaonyesha vidole, vidole vitatu maana yake watatu wanakuja, ngumi maana yake yeye ndo wa mwisho. Msirudi njiani mpaka mhesabu. Ajali nyingi ndogo nilizoziona hazikutokana na baiskeli ya kwanza, ni ya pili, watu wameshapisha wakafikiri yameisha wakarudi katikati.

Farasi ni tofauti, na wapo. Farasi akija simameni upande wa chini wa mteremko kama hamna genge, manake kilicho juu yake farasi anakiona kama chui, na akishtuka hukimbilia juu. Ongeeni kwa sauti ya kawaida ili ajue nyinyi ni watu, msifungue miamvuli, na mama mwenye mtoto mgongoni asitingishe kitenge.

Masikio. Iafoni za masikioni toeni, au acheni sikio moja. Na lile spika la bluetooth, jamani. Kuimba imbeni, mapambio kwenye barabara pana ni kitu kizuri na waendesha baiskeli watawasikia kutoka mbali kuliko kengele yoyote, ila mkifika kwenye kona nyembamba nyamazeni msikilize.

Halafu mwezi wa kumi. Hapa ndo kidogo nipandishe sauti dada, manake baiskeli inakupa mchubuko lakini jua la hapa linaua. Mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo, mwisho wa Juni mpaka mwisho wa Julai, kila siku nyuzi 43 au zaidi. Watu wakisikia mwezi wa kumi wanafikiri joto limekwisha, mwanzoni mwa Oktoba bado siku nyingi zinafika 35 na zaidi, na ndani ya korongo mawe yanakurudishia joto kutoka pembeni na chini. Mtoto wa Bukavu au wa Bujumbura anakuambia "mimi nimezoea jua". Hajazoea hili. La kwetu lina unyevu, unatoka jasho unaliona, unajua unapoteza maji. Hapa hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, shati kavu kabisa na huku mwili umeshaishiwa. Nawashauri Novemba mpaka Machi. Kama lazima Oktoba basi iwe mwishoni, muanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa tatu muwe paking.

Maji nusu lita mpaka lita moja kwa kila saa kwa mtu mzima, na yakifika nusu mnageuka, hata kama mmebakiza mita mia kufika. Na kitu cha chumvi, karanga, chipsi, ile chumvi ya pakiti wanayopewa wanaoharisha (ORS) pia nzuri, manake maji matupu mengi bila chumvi nayo yanaumiza. Leso iloweshe umuwekee mtoto shingoni. Mtu akianza kujibu ovyo, anayumba, anasema yuko sawa huku hayuko sawa, usimsukume amalizie, kivulini, mmwagie maji mwilini, pigeni simu ya dharura 911, hawatawauliza makaratasi ya nani. Mji siku za joto kali sana unafunga baadhi ya njia mchana, na mbwa ni marufuku njiani nyuzi zikifika 38, hiyo inakuonyesha wenyewe wanaliogopa kiasi gani. Yeboyebo na kandambili hapana, na gauni refu la chini linanasa choya, vaeni suruali hata kama ni chini ya kitenge.

Korongo na mvua pia. Kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba mvua za monsuni zinaweza kunyesha mbali huko juu, pale mlipo jua linawaka, na maji yakaja. Wakenya watakumbuka Hell's Gate Naivasha, Septemba 2019, watu saba walisombwa na maji ndani ya lile korongo. Ukiona wingu jeusi juu ya mlima tokeni kwenye mkondo wa maji. Nyoka mwenye njuga mkiani mkimsikia rudini nyuma mlikotoka, hafukuzi mtu. Wanaofukuza ni nyuki, na hao mtawatambua, ni ndugu zetu kabisa, walichukuliwa Afrika wakapelekwa Brazil miaka ya 1950 wakatoroka wakazaliana wakapanda mpaka hapa Arizona mwaka 1993. Funikeni uso na mkimbie, hasira zile zile za nyumbani.

Na kama kijana sasa anaogopa baiskeli na hutaki kumlazimisha, ipo njia nyingine. Maeneo yaliyotengwa kwa sheria ya mwaka 1964 ya nyika za Marekani hayaruhusu baiskeli kabisa. Lililo karibu na sisi ni Superstition, mashariki ya mji, kuna Peralta Canyon pale, kama kilomita 4 kupanda mpaka kwenye mgongo wa mlima unapouona mnara wa jiwe unaoitwa Weaver's Needle. Baiskeli hamna, ila mlima ni mkali kuliko Pima, mtoto wa miaka 9 aliyelala vizuri anafika, nyinyi wakubwa wa kazi za ghalani usiku sina uhakika.

Mkirudi Pima niambie, Jumamosi nyingi niko pale na baiskeli ya bluu iliyochubuka, kijana nitampa aishike kengele aipige mwenyewe. Na machanuo bebeni mawili, manake la kwanza likishatoa choya hutalitaka tena kichwani.